Athari za Kistari cha Mwisho wa Mstari katika Utafutaji wa Historia ya Karatu na Ngorongoro

Sehemu ya historia ya Karatu na Ngorongoro imo katika maandishi ya wageni. Oscar Baumann alifika kwenye kreta ya Ngorongoro mwaka 1892 na kitabu chake kikachapishwa Berlin mwaka 1894. Hans Reck alifanya uchimbaji Olduvai mwaka 1913. Maandishi ya aina hii yakiskaniwa, mtafiti huyaendea kwa kuandika jina na kuiachia kompyuta kazi ya kulitafuta.

Kompyuta hulinganisha herufi kwa herufi. Jina lililokatwa mwishoni mwa mstari, kwa mfano “Ngoro-” juu na “ngoro” chini, huweza kuhifadhiwa kama vipande viwili, na utafutaji wa “Ngorongoro” ukalipita. Tatizo huongezeka kwa kuwa mkato hautabiriki. Silabi za Kiswahili ni Ngo-ro-ngo-ro, lakini mpangachapa asiyejua lugha hiyo angeweza kukata “Ngoron-goro”. Aidha, katika chapa ya Kijerumani ya Fraktur kistari huwa na vijistari viwili sambamba, hivyo programu ya kutambua maandishi huweza kukisoma kama alama ya usawa. Tofauti za tahajia nazo huongeza ugumu: Olduvai iliandikwa pia Oldoway.

Kufuta vistari vyote si suluhisho, kwa kuwa baadhi yake ni sehemu ya tahajia yenyewe, kama katika jina la ziwa lililoandikwa “Njarasa-See”, yaani Eyasi. Njia salama ni kuhifadhi tabaka mbili: matini kama yalivyochapishwa, na matini ya kutafutia ambamo vipande vimeunganishwa. Pasipo tabaka la pili, mtafiti hana budi kutafuta vipande vya jina pia.

Jambo hili lina uzito. Mwaka 1959 Ngorongoro ilitenganishwa na Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, na wafugaji Wamaasai walioondolewa Serengeti wakaruhusiwa kuishi humo. Tangu hapo, swali la nani aliishi wapi, na lini, limebaki kuwa hoja ya haki ya ardhi. Katika hoja hiyo, utafutaji usioleta tokeo hauthibitishi kwamba mahali au watu fulani hawakutajwa. Huenda jina limo ukurasani, limegawanyika kati ya mistari miwili.