Mchoro wa Mkono na Nakala ya Mtambo: Juu ya Picha Asilia za Vibonzo katika Kongo

Historia ya hadithi za picha katika Kongo imeandikwa zaidi kwa kufuata majarida yaliyozichapa, wala si karatasi zilizochorwa kwa mkono. Tofauti hiyo si ndogo. Jarida huchapwa kwa nakala nyingi, likipotea huku huonekana kule. Karatasi ya mchoraji ni moja tu, na mchwa akiila, imekwisha.

Visa vya familia ya Mbumbulu vyatosha kuwa mfano. Kabla ya uhuru vilitokea katika Nos Images, jarida la idara ya habari ya serikali ya kikoloni, lililosomwa kwa Kifaransa na kwa lugha kubwa za nchi, Kiswahili kikiwa mojawapo. Baada ya mwaka 1960 kalamu zilishikwa na vijana wa Kinshasa. Mwishoni mwa muongo huo lilizuka Jeunes pour Jeunes, ambalo wahusika wake walisema lugha ya mitaani. Kisha Mongo Sisse akawachora Mata Mata na Pili Pili katika jarida la Zaïre. Majina hayo mawili yalikwisha kujulikana katika sinema za wamisionari za miaka ya 1950.

Michoro yenyewe iliendea wapi? Zamani, mtambo ulipokwisha kupiga picha ya karatasi, karatasi ilihesabiwa kuwa imemaliza kazi yake. Hata Marekani, kampuni kubwa za vibonzo zilianza kuwarudishia wachoraji kazi zao katika miaka ya 1970 tu. Leo thamani imegeuka: mwezi wa Januari 2021, mchoro ambao Hergé aliutengeneza mwaka 1936 kwa ajili ya jalada la Le Lotus bleu uliuzwa Paris kwa zaidi ya euro milioni 3. Bei ya namna hiyo huwaamsha walaghai, na ndiyo maana ujuzi wa kutambua haufai kuachiwa wafanyabiashara peke yao.

Mchoro wa mkono huwa aghalabu mkubwa kuliko ukurasa uliochapwa. Chini ya wino huonekana mistari ya penseli. Penye kosa pamepakwa rangi nyeupe au pamebandikwa kipande cha karatasi. Pembeni yamo maagizo kwa mpiga chapa. Mara nyingi penseli hiyo ni ya buluu hafifu, kwa kuwa kamera ya kiwandani haikuiona. Kioo cha kukuzia kikifunua nukta ndogo zilizopangwa safu safu, hiyo ni chapa. Lakini kanuni hii hutumiwa vibaya: mstari mweusi mtupu huchapwa bila nukta yoyote. Hapo hutazamwa wino wenyewe, kama umekolea pale viboko viwili vilipokutana, au kama weusi ni sawasawa kila mahali na unang'aa juu ya karatasi kama unga wa fotokopi.

Maneno nayo ni ushahidi, na hapa mwanaisimu ana la kusema kuliko mnunuzi. "Batu" badala ya "watu" huelekeza Kongo na majirani zake wa karibu. Kinyume chake si kweli: misheni za mashariki zilichapa kwa muda mrefu Kiswahili kilicho karibu na kile cha pwani, hivyo "watu" haithibitishi kwamba picha ilitoka Nairobi au Dar es Salaam. Tena, palipokuwa na matoleo ya lugha kadhaa, maneno yaliweza kupangwa kiwandani na kuwekwa baadaye. Mchoro usio na neno si lazima uwe mchoro usiomalizika.

Zipo kazi zilizookoka. Huko Lubumbashi, katika miaka ya 1973 na 1974, Johannes Fabian alikusanya picha 101 za historia ya nchi zilizochorwa na Tshibumba Kanda Matulu, akanasa pia mazungumzo yao kwa Kiswahili cha mji huo. Hizo si vibonzo, ila mbinu yafaa kuigwa: kila picha ina sauti ya aliyeichora. Naye Papa Mfumu'Eto, ambaye tangu mwaka 1990 alijichapishia vijitabu vya Kilingala na kuviuza sokoni Kinshasa, karatasi zake zimehifadhiwa katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Florida. Zimesalimika, naam, lakini mwanafunzi wa Kisangani au Bukavu atazifikiaje bila viza?

Kwa mahali kama Itebero, katika teritwari ya Walikale, kwenye barabara itokayo Bukavu kupitia Hombo, adui wa kwanza ni unyevu wa msitu. Karatasi iliyofungiwa ndani ya plastiki isiyopumua huota ukungu upesi. Ni heri ilazwe bapa katika bahasha ya karatasi safi, mbali na sakafu, bila gundi wala pini. Kabla ya kuisafisha au kuiuza, mwenyeji aulizwe ilitoka kwa nani, mwaka gani, na aliyeichora alisema lugha gani nyumbani. Majibu yaandikwe kwenye karatasi ya pembeni, kwa penseli, kamwe si mgongoni mwa mchoro.