Kumba-kumba: namna watu wa kinga walivyochagua chuma na njia

Wenye umri wa kutosha katika Beni, Mambasa na Bafwasende wanamkumbuka kumba-kumba. Ni mwanaume anayesukuma kinga kwa miguu, mgongo umeinama, bidoni za mafuta zimefungwa pande mbili hadi kinga yenyewe haionekani. Jina limetoka katika Lingala, kokumba, maana yake kubeba. Vita vilipoanza Agosti 1998, malori yalitoweka barabarani na meli za Kinshasa zikaacha kufika Kisangani, maana mto ulikatwa na mstari wa mapigano. Hapo wanaume hawa ndio walikuwa malori yetu.

Vita peke yake haikuua barabara. Wakati wa Wabelgiji kulikuwa na kantonye, watu wa kijiji waliopewa kipande cha barabara wakifyeke, wazibe mashimo na wafungue mifereji. Kazi hiyo ilikuwa na shuruti nyingi na wazee hawaisifu, lakini maji yalipata pa kupita. Chini ya Mobutu mpango huo ulilegea. Mwaka 1973 biashara za wageni ziligawiwa wakubwa, na maduka mengi ya ndani yakafungwa pamoja na malori yake. Vita ilipofika, barabara namba 4, zaidi ya kilometa 700 kati ya Kisangani na Beni, ilikuwa tayari matope na miti iliyoanguka.

Kutoka msitu wa Kisangani kulikuja mafuta ya mawese na mchele. Kutoka Butembo na Beni ziliingia chumvi, sabuni, vitenge, betri na maharage ya milimani. Ukisukuma kilometa 30 kwa siku bila kupumzika, safari ni siku 24 na zaidi. Na bidoni sita za lita 20 tu ni zaidi ya kilo 100. Katika safari kama hiyo, kinga mbaya haikuleti aibu tu, inakula mtaji wa familia nzima katikati ya msitu.

Walitaka kinga nzito ya chuma, ya Kichina kama Phoenix au ya Kihindi, isiyo na gia, yenye breki za vyuma virefu badala ya waya. Mtu aliyesoma vitabu vya michezo atashangaa, kwa sababu wenzetu wa Ulaya hulipa pesa nyingi wapate baiskeli nyepesi. Kumba-kumba aliuliza swali lingine: ikivunjika Nia-Nia, nani ataitengeneza? Chuma kinachomwa na fundi yeyote mwenye moto, kinapigwa nyundo, kinafungwa bati, safari inaendelea. Kifaa kizuri ambacho kipuri chake kiko Kampala hakikuwa na faida kwake.

Kisha waliibadilisha. Kiti kilitolewa, na katika tundu lake kikaingizwa kijiti kirefu cha kusukumia kwa mkono wa kulia. Kijiti kingine kilifungwa kwenye usukani ili mkono wa kushoto uongoze bila mtu kuinama juu ya mzigo. Wengine walitoa hata pedali na mnyororo, kwa sababu hakuna aliyekusudia kupanda. Uma wa mbele uliongezewa vyuma, maana ndio unaovunjika kwanza kwenye mteremko. Mzigo ulikaa chini, sawa pande zote. Anayeweka gunia juu sana ataokota maharage yake kwenye matope.

Mpira wa ndani uliokufa haukutupwa. Ulikatwa mikanda mirefu, ukawa kamba inayovutika, na hadi leo sijaona kamba ya dukani inayoushinda. Mipira hiyo ina historia chungu kwetu. Mwaka 1888 Dunlop, daktari wa wanyama aliyeishi Belfast, alipata hati ya tairi la upepo. Dunia ikapanda baiskeli, ikataka mpira, na katika nchi iliyokuwa mali ya mfalme Leopold hadi 1908 watu walichapwa, wakakatwa mikono na kuuawa kwa ajili ya utomvu wa msituni. Karne moja baadaye wajukuu wao walipita katika msitu huohuo wakisukuma matairi yale.

Wenzangu wa Goma wataniuliza juu ya chukudu. Ninaiheshimu, inateremsha viazi na makaa vizuri kuliko kinga. Lakini msitu wa Ituri una tope refu na magogo, na magurudumu yale madogo ya mbao yangezama.

Kuchagua njia ndiko kulikuwa kazi ya akili. Malori ya zamani yalikuwa yameacha mashimo ya kumeza mtu hadi kiunoni, lakini pembeni kinga zilifungua kijia chembamba kinachozunguka kila shimo. Walipenda Januari na Februari, mvua inapopungua. Hawakusafiri peke yao: kwenye mlima wawili walisukuma kinga moja, wakarudi kuchukua ya pili. Walilala penye watu, penye ndizi, sombe na maji, hata kama kilometa za siku zilibaki chache. Daraja likianguka, mzigo ulivuka kwa mtumbwi, na bei ya mtumbwi ilihesabiwa kabla ya kutoka nyumbani. Vilevile bariyeri. Kila kundi lenye silaha lilikuwa na kamba yake barabarani na ushuru wake, kwa hiyo njia ya mzunguko mrefu mara nyingi ilikuwa rahisi kuliko ile fupi.

Habari ya njia ilitoka kwa anayekuja upande wa pili. Walisimama kijiani, wakaulizana: jana ulilala wapi, nani yuko pale, mto umejaa? Mtu aliyefika siku tatu nyuma hakuaminiwa sana.

Mwisho wa 2002 mapigano ya Mambasa yalisukuma maelfu ya watu kuelekea Eringeti, Oicha na Beni. Kinga ikabeba wengine: bibi asiyeweza kutembea, watoto wawili, sufuria, godoro. Baada ya 2003 barabara ilifunguliwa tena polepole, malori yakarudi, pikipiki zikafuata, na wengi wa kumba-kumba wakarudi shambani.

Tangu mauaji yaliyoanza Beni mwaka 2014, familia zimetembea tena njia hizo kwa kukimbia. Katika maeneo ya wakimbizi wa ndani ninaona kinga nyingi zimeegemezwa ukutani, tairi limekufa, na mwenyewe anafikiri kuziuza kama chuma. Mafundi waliofanya kazi kwenye barabara namba 4 wanasema wangeanza na uma wa mbele na mpira wa ndani, kiti kingesubiri.