Imam Shafi'i na Kitabu Alichokiandika Mara Mbili



Wanafunzi wetu wengi huona kwamba kufuta ulichoandika na kuanza upya ni dalili ya udhaifu. Nasi wazazi humsifu zaidi anayemaliza insha haraka. Tutazame basi namna alivyoandika Imam ambaye Waislamu wengi wa Afrika Mashariki tunafuata madhehebu yake.

Imam Muhammad bin Idris al-Shafi'i (Allah amrehemu) alizaliwa Gaza mwaka 150 Hijria (767 Miladia), akakulia Makka, akasoma Madina kwa Imam Malik. Kitabu chake mashuhuri, ar-Risala, kinaeleza jinsi hukumu zinavyotolewa katika Qur'ani, Sunna, ijmai na kiyasi. Imepokewa kuwa alikiandika mara ya kwanza kwa ombi la mwanachuoni wa Basra, Abdurrahman bin Mahdi. Huko Iraq alipata wanafunzi wakubwa, akiwemo Ahmad bin Hanbal, na rai zake zikaenea.

Karibu mwaka 199 Hijria alihamia Misri. Umri wake ulikaribia miaka 50 na jina lake lilikwisha kujulikana. Angeweza kufundisha yale yale ya Baghdad, wala asilaumiwe na mtu. Lakini alizipima tena dalili, akajadiliana na wafuasi wa Imam Malik waliokuwa huko, akaiandika Risala upya. Masuala mengi ya fiqhi nayo aliyarejea. Ndiyo maana mpaka leo wanachuoni hutaja rai yake ya kale (qadim) na rai yake mpya (jadid).

Jambo hili halikuwa jepesi. Watu walikuwa wakiswali, wakioana na kuuziana mali kwa kufuata fatwa zake. Imesimuliwa kwamba mwanafunzi wake alimsomea Risala mara 80, na kila mara likaonekana la kusahihisha, hata Imam akasema kuwa hakuna kitabu kilichosalimika na makosa ila Kitabu cha Allah.

Alifariki Misri mwaka 204 Hijria (820). Risala ya kwanza haikutufikia. Tuliyonayo ni ile ya Misri, iliyopokewa na mwanafunzi wake al-Rabi' bin Sulayman.

Hata hivyo, si kila rai mpya iliyochukuliwa. Katika rai ya kale, wakati wa Magharibi unaendelea mpaka wekundu wa mbinguni utoweke. Katika rai mpya, wakati huo ni mfupi tu, kiasi cha kutawadha, kuadhini na kuswali. Zaidi ya miaka 400 baadaye, Imam Nawawi (aliyefariki 676 Hijria, 1277) aliitilia nguvu ile ya kale kwa sababu ya hadithi sahihi. Lau wanafunzi wa Baghdad wasingeihifadhi, tusingejua kuwa Imam aliwahi kuisema.

Basi enyi vijana, andikeni, kisha msomeeni mwenzenu kwa sauti. Kila sentensi iulizeni dalili yake. Msione haya kubadili, wala msiitupe rasimu ya kwanza, huenda mkaihitaji. Nanyi wazazi, mtoto akileta insha yake, msiulize tu kama amemaliza. Muulizeni amebadilisha nini, na kwa nini.

Wabillahi tawfiq.