Kizibo cha kijani: historia ya bia ya dhahabu ya wamonaki wa Westvleteren

Westvleteren ni kijiji cha wakulima magharibi mwa Ubelgiji, si mbali na mpaka wa Ufaransa. Wilaya nzima inalima hopsi, mmea unaotambaa juu ya nyaya ndefu na kuipa bia uchungu wake. Katikati ya mashamba hayo ipo Abasia ya Mtakatifu Sixtus, na ng'ambo ya barabara kuna mkahawa uitwao In de Vrede. Wapenzi wa bia kutoka pembe zote za dunia huja hapa wakiitafuta moja tu: Westvleteren 12, bia nyeusi, nzito, kizibo cha njano, kilevi asilimia 10.2.

Waache na hiyo yao. Hapa tunaizungumzia ndogo yake, ile ya kizibo cha kijani: Blond, bia ya rangi ya dhahabu yenye kilevi cha asilimia 5.8. Ilianza kuuzwa tarehe 10 Juni 1999. Ndiyo changa kuliko zote tatu za abasia hiyo, na kwa maoni yangu ndiyo inayoeleza vizuri zaidi kwa nini watu walioacha mali zao wakaingia utawani wanamiliki kiwanda cha bia.

Jibu linaanzia Italia katika karne ya 6, kwa Mtakatifu Benedikto. Kanuni yake, ambayo hata leo inaongoza abasia za Peramiho, Ndanda na Hanga huko kusini mwa Tanzania, inasema mmonaki wa kweli ni yule anayekula jasho la mikono yake. Kanuni hiyohiyo inaruhusu divai kidogo kila siku, ingawa Benedikto aliiruhusu shingo upande: angependa wasinywe kabisa, lakini aliwajua watu wake. Kaskazini mwa Ulaya zabibu hazistawi, shayiri inastawi. Divai ikaipisha bia.

Wamonaki wa Westvleteren ni Watrapisti, jamii ya wafuasi wa kanuni hiyo iliyotoka La Trappe, abasia ya Normandie nchini Ufaransa, ambako mwaka 1664 Abati Armand Jean de Rancé alirudisha maisha magumu: kazi za shamba, mboga mezani, ukimya. Mapinduzi ya Ufaransa yakawafukuza. Waliokimbia wakasambaa, kundi moja likaanzisha makao Westmalle, Ubelgiji, mwaka 1794. Mwaka 1831 wengine, kutoka Mont des Cats upande wa pili wa mpaka, wakafika Westvleteren, na mwaka 1838 chungu cha kwanza cha bia kikapikwa.

Vita Kuu ya Kwanza ilikaribia kuumaliza upishi huu. Wajerumani waliokalia karibu Ubelgiji yote walikuwa na njaa ya shaba, na mitambo ya bia ilikuwa ya shaba tupu. Watrapisti wenzao wa abasia ya Achel walipoteza kiasi cha kilo 700 mwaka 1917, na hawakupika tena hadi 1998. Westvleteren ilinusurika kwa sababu ya ramani: ilibaki upande ambao haukutekwa, nyuma ya mstari wa mbele wa Ypres, ikipokea wakimbizi na askari. Mitambo yake haikuguswa.

Sasa tuje kwenye rangi, maana hapo ndipo penye utamu. Rangi ya bia hutoka kwenye kimea, yaani shayiri iliyooteshwa kisha ikakaushwa kwa moto. Moto wa kuni ni mgumu kuuongoza, na kimea huungua kidogo na kuwa kahawia. Karne ya 19 ilileta tanuri zinazokausha kwa hewa ya moto, na mwaka 1842 mpishi Josef Groll akatoa bia angavu ya dhahabu mjini Plzeň. Bia ya namna hiyo ikaivamia Ulaya, na ndiyo mama wa karibu kila chupa inayowekwa mezani Dar es Salaam, Nairobi au Bujumbura.

Wamonaki wa Ubelgiji hawakukimbilia mtindo huo. Kilichowasukuma kwanza ni siasa: sheria ya mwaka 1919, iliyopewa jina la waziri Emile Vandervelde, ilipiga marufuku pombe kali za kukenekwa kwenye baa. Mnywaji aliyenyimwa jini akatafuta bia yenye nguvu. Mwaka 1934 Westmalle wakatoa Tripel, bia ya dhahabu yenye asilimia 9.5, ambayo mpaka leo inaigwa na viwanda visivyohesabika. Lakini Tripel ni bia ya sherehe. Mezani kwao wamonaki hunywa iliyo nyepesi: Westmalle wana Extra, na wenzao wa Chimay wana Dorée, asilimia 4.8 zote mbili.

Westvleteren nao walikuwa na nyepesi yao ya asilimia 4, pamoja na nyeusi ya asilimia 6.2. Mwaka 1999, mkahawa mpya ulipofunguliwa, zote mbili zikastaafishwa na Blond ikashika nafasi zao.

Chupa yake ni ya kahawia, sentilita 33, na begani ina pete ya herufi zilizotokeza kwenye kioo: Trappistenbier. Kwa miongo mingi chupa za abasia hii hazikuwa na lebo hata moja. Ulisoma kizibo, basi. Mimina taratibu kwenye bilauri yenye mguu, ukibakiza kiasi cha kidole kimoja ndani ya chupa, kwa sababu bia huendelea kuchachuka humo na hamira hutuama. Mnywaji wa mbege hatashtushwa na machicha hayo, na akiyamimina hakuna atakayemkaripia. Povu ni jeupe, zito, linang'ang'ania kioo. Harufu ni ya majani makavu na maua, na nyuma yake tunda bichi kidogo. Hiyo ni kazi ya hamira, ambayo huchukuliwa Westmalle. Ulimini huanza na utamu wa nafaka, kisha hopsi inaingia na kufagia kila kitu. Inamalizia kavu na chungu kiasi cha kukutamanisha funda jingine. Kosa kubwa ni kuigandisha kwenye friji. Yule mhudumu wetu anayeuliza "ya baridi au ya moto?" hapa angejibiwa: katikati.

Umaarufu haukuwafurahisha wenyewe. Mwaka 2005 wapenzi wa bia mtandaoni waliitangaza 12 kuwa bia bora duniani, na foleni za magari zikaziba barabara za kijiji. Kiwanda chochote kingeongeza mitambo. Wamonaki hawakuongeza; walibaki kwenye kiasi cha lita laki tano kwa mwaka, wakaanza kuandika namba za magari ya wateja ili mtu asirudi upesi, na kukataza ulanguzi. Walilegeza mwaka 2011, walipouza 12 kupitia maduka makubwa ya Ubelgiji ili kugharamia ujenzi wa abasia. Hawaoni haya kusema kwamba wao si wapishi wa bia. Hupika ili waweze kuwa wamonaki.

Mti huu una matawi kwetu. Mwaka 1850 wamonaki kutoka Westvleteren walianzisha Scourmont, abasia inayopika Chimay, na Scourmont nayo ikaanzisha Mokoto, Kivu Kaskazini, mwaka 1954. Vita vya Masisi vya 1996 vikawatoa wamonaki huko. Koningshoeven ya Uholanzi, inayopika La Trappe, ilianzisha monasteri ya Lumbwa huko Kipkelion, Kenya, mwaka 1956. Baada ya ghasia za uchaguzi za 2008 jumuiya hiyo ilihamia Uganda.

Huko Ulaya tatizo ni jingine: wamonaki wanazeeka na vijana hawaji. Wa mwisho waliondoka Achel mwaka 2021, na bia yake ikapoteza muhuri wa Trapisti huku wateja wakiwa bado wengi. Muhuri huo wa pembe sita, unaosimamiwa na umoja wa abasia ulioundwa 1997, una masharti matatu: bia ipikwe ndani ya kuta za abasia, wamonaki waisimamie, na faida iende kwenye matunzo yao na kwa wahitaji.

Kwa hiyo msomaji unayekunywa, ukipita Ubelgiji usidanganywe na chupa yoyote yenye picha ya kanisa. Nyingi hutoka kwenye makampuni makubwa yaliyokodi jina la abasia. Tafuta pembe sita. Na ukifika In de Vrede, agiza ya kijani kwanza, ukiwa na kipande cha jibini, kabla ya ile ya njano, kwa sababu baada ya asilimia 10.2 ulimi hautasikia tena hopsi.