Kugeuzwa kwa Uso wa Simu

Kitu kinachoshikwa na watu kila siku hakibadilishwi sura bila ya kuwagusa waliokizoea. Jambo hili lilidhihirika mwaka 2013, kampuni ya Apple ya Marekani ilipougeuza uso wa iOS, mfumo unaoendesha simu zake.

iPhone ilipotangazwa Januari 2007, watu wengi hawakuwa wamepata kuongoza simu kwa kugusa kioo kitupu. Ilihitajiwa lugha ya kuwafundisha bila ya mwalimu, na lugha hiyo ikatafutwa katika vitu walivyovijua. Programu ya kuandikia kumbukumbu ilivishwa sura ya karatasi ya manjano yenye mistari. Baadaye vitabu vikapangwa juu ya rafu ya mbao, na programu ya michezo ikatandikwa kitambaa cha kijani mfano wa meza ya kamari. Vitufe vilitiwa kivuli na mng'aro, hata jicho likasadiki kuwa vyaweza kubonyezwa. Scott Forstall, aliyesimamia programu za simu hizo, aliishika sana njia hii.

Walakini, mwanafunzi aliyehitimu huchoka kufundishwa alifu kila siku. Mwaka 2010 Microsoft ilionyesha katika Windows Phone 7 kwamba uso wa simu waweza kujengwa kwa herufi na miraba ya rangi tupu, pasipo kuiga mbao wala ngozi. Septemba 2012 ramani mpya za Apple zilitoka zikiwa na makosa mengi; Oktoba kampuni ikatangaza kuondoka kwa Forstall, na usimamizi wa sura ya programu akapewa Jonathan Ive, msanifu wa maumbo ya vyombo vyenyewe.

Tarehe 10 Juni 2013 iOS 7 ilionyeshwa San Francisco, na tarehe 18 Septemba ikatolewa kwa watu wote. Mbao na ngozi zilitoweka, rangi zikakolea, herufi zikawa nyembamba, na vitufe vingi vikapoteza mipaka vikabaki maneno matupu. Waliosifu waliona wepesi na usafi. Lakini wako waliopata kizunguzungu kwa mwendo wa picha, wenye macho dhaifu waliotaabika kusoma, na waliobabaika wasijue neno lipi ni la kusomwa na lipi ni la kubonyezwa. Kipya kinyemi, ingawa kidonda.

Apple haikurudi nyuma, ila ililegeza. Oktoba 2013 ilipanua njia ya kupunguza mwendo huo. Machi 2014, katika iOS 7.1, ikampa atakaye uwezo wa kuvirudishia vitufe umbo lao.

Masahihisho hayo yanaeleza kosa lilipokuwa. Katika sura ya zamani mambo mawili yalichanganyika: pambo na ishara. Ngozi ilikuwa pambo, na kuondoka kwake hakukumpotosha mtu. Kivuli cha kitufe kilikuwa ishara, nacho kilitupwa pamoja na ngozi kwa kuwa vyote viwili vilihesabiwa kuwa vya kizamani. Juni 2025 Apple ilipotangaza sura mpya yenye mfano wa kioo angavu, suala la maandishi kusomeka lilizuka tena. Anayefaa kuulizwa kwanza ni yule ambaye macho yake hayaoni vizuri, maana yeye ndiye wa kwanza kupotea ishara zinapoondolewa.