Mbona Tume ya Ardhi Haikurudisha Viwanja Vilivyonyakuliwa?

Mjadala wa siasa ukifika kwa ardhi, lazima mtu aulize: Tume ya Taifa ya Ardhi iko wapi, mbona haifuti hatimiliki za wanyakuzi? Nasomea sayansi ya siasa, na hili swali nimelichimba kwenye sheria yenyewe. Shida kubwa ilikuwa tarehe.

Turudi nyuma kidogo. Kabla ya Katiba ya 2010, sheria ilimruhusu Rais kugawa ardhi ya serikali, na Kamishna wa Ardhi akashughulikia makaratasi. Ripoti ya Ndung'u ya 2004 ilikadiria hatimiliki haramu zilifika 200,000: misitu, viwanja vya shule, hata ardhi ya barabara. Ndiyo maana Kifungu cha 67 cha Katiba kikaunda tume huru ya kusimamia ardhi ya umma.

Sheria ya tume ya 2012 iliipa meno katika sehemu ya 14. Ikague jinsi ardhi ya umma ilivyogawiwa, isikize pande zote, na ikipata hati ni haramu imwagize msajili aifute. Lakini someni vizuri: ilikuwa ndani ya miaka 5 tangu sheria ianze. Sheria ilianza Mei 2012, makamishna wakaapishwa Februari 2013! Hapo miezi tisa imeenda na viti vitupu. Halafu wakavutana na wizara kuhusu nani atoe hatimiliki, hadi Desemba 2015 Mahakama ya Juu iliposema ni kazi ya wizara. Mei 2017 muda ukaisha. Tume iliruhusiwa kuliomba Bunge nyongeza, ila wakati huo nyongeza haikupatikana.

Ikabaki korti. Mwaka huohuo wa 2017, kaunti ya Mombasa ilibomoa ukuta wa kiwanja kimoja Nyali ili watu wafike ufuoni. Kampuni yenye hati ikashtaki. Aprili 2023 Mahakama ya Juu ikaamua kwamba ile ilikuwa nafasi ya umma, mgao wa kwanza haukufuata sheria, na hata aliyenunua baadaye halindwi na hati yake. (Hapo majaji walikuwa wakali kuliko sehemu ya 14, ambayo ilimkinga mnunuzi asiyejua kasoro.)

Kesi hiyo ya kiwanja kimoja ilichukua zaidi ya miaka 5. Tume ilikuwa imepewa miaka 5 kwa Kenya nzima.