Haidrojeni Isiyofika

Agosti 1916, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, majeshi ya Uingereza yaliwapokonya Wajerumani Kilosa, kituo cha Reli ya Kati katika Tanzania ya leo. Baadhi ya Wajerumani hao walirudi kusini kupitia Mikumi na Kidodi, mbali na reli na bandari. Novemba 1917 walitumiwa dawa na risasi kwa meli ya anga L59 kutoka Bulgaria, iliyojazwa mita za ujazo 68,500 za haidrojeni. Atomu ya gesi hiyo ina protoni moja na elektroni moja tu. Hewa ni nzito kuliko gesi hiyo mara 14 hivi, ndiyo maana meli hiyo ilipaa. Afrika hapakuwa na haidrojeni ya kuijaza meli hiyo tena, hivyo kitambaa chake kingeshonwa mahema. Ikiwa juu ya Sudani, iliamriwa kurudi. Lakini haidrojeni huwaka upesi mno: Aprili 1918 L59 ililipuka karibu na Italia.